Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Kwa kuwa mwaka huu imetimia miaka 80 tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe, tulikubaliana tuta moja la kiwanja chetu cha mboga hapa London tulilime kwa mpango wa wakati wa vita, ule wa "Limeni kwa Ushindi", kampeni ya serikali ya Uingereza iliyoanza 1939 ili watu walime chakula chao wenyewe. Wapo walionung'unika kwamba tuta hilo lingetoa mchicha msimu mzima. Niliwasikia.

Tulianza na vitunguu, maana ndivyo vilivyowatesa Waingereza. Vingi vilikuwa vikitoka Brittany, kule Ufaransa, na nchi hiyo iliposhindwa Juni 1940 vikaadimika, hata watu maofisini wakawa wanachezea bahati nasibu kitunguu kimoja. Sisi wa kachumbari tunaelewa. Watu wakang'oa maua wakapanda viazi; hata handaki linaloizunguka ngome ya Tower of London likalimwa mboga.

Vitunguu vyetu havikufika mbali. Julai niling'oa kimoja: majani manjano, na huku chini ukungu mweupe kama pamba. Ugonjwa huo hukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo tuta hilo lisipandwe tena kitunguu, kitunguu saumu wala liki, maana vyote ni jamii moja. Tafadhali.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba Wizara ya Kilimo ya wakati ule haikuhangaika sana na kiangazi. Saladi ya Juni hata mvivu huipata. Ilichosisitiza ni mboga za majira ya baridi: liki, kabichi, na ile tunayoiita sukuma wiki. Kiwanja cha kawaida, kama mita za mraba 250, kilipangwa kilishe familia mwaka mzima.

Sisi je? Mchicha ukiisha Septemba tunafunga banda mpaka Aprili. Juzi nilizunguka matuta yote. Sukuma wiki niliikuta kwenye mawili tu, na moja ni langu.

Napendekeza kila mwenye tuta awe ameshahamisha miche ya sukuma wiki kabla Julai haijaisha. Miche nitaotesha mimi, njooni na vikopo vyenu.

Hesabu atazisoma mhazini, ada haipandi. Na aliyechukua ufunguo wa banda mwezi wa kumi aurudishe, jembe langu limo humo.

Mwenyekiti