Mama amenirudishia kitenge

Dada, Bwana Yesu asifiwe. Nakuandikia saa tisa usiku, usingizi umekataa. Wewe ni wa kule kwetu mlimani Kilimanjaro, huhitaji kuelezwa Desemba ni nini, sote tunarudi nyumbani.

Mama amenirudishia kitenge. Sukari kilo 5, majani ya chai na kitenge nilichomnunulia Kariakoo, vyote kampa mtoto wa jirani aniletee kwenye gari asubuhi tunaondoka. Kitenge bado kimekunjwa, karatasi ya dukani haijabanduliwa. Mama aliyenizaa! Hata mlangoni hakutokea.

Kosa langu ni mbuzi. Kaka amepooza upande mmoja tangu Agosti. Wazee wakakaa, wakasema ni baba, kwamba tangu tumzike hajapewa kitu. Na kwa kuwa mimi ni kitinda mimba, nyumba na kihamba, shamba la ukoo lenye kaburi, nimeachiwa mimi, basi mbuzi atoke mkononi mwangu. Nikasema nimeokoka, sichinjii mizimu. Sikumtukana mtu. Baba mdogo anadai nilipandisha sauti. Sikupandisha, nilitaka wa nyuma wasikie. Nikawasomea Matendo 5:29, imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Mama akainuka na kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akaingia ndani. Hajasema nami hadi leo.

Na mama ni msharika wa miaka yote, yumo kwaya ya akina mama, Chakula cha Bwana hakosi. Baba Yetu nilifundishwa na yeye, jikoni, akimenya ndizi. Nimeyashika aliyonifundisha, ananirudishia kitenge.

Tafadhali usiniambie niwaheshimu wazazi. Amri hiyo naijua. Hospitali ya kaka nani analipa? Bati za nyumba ya mama nani kapaua? Asiponisemesha sitajali, nimeshaamua. Ila simu ikiita naangalia kwanza kama ni yeye.

Baba mdogo ananishauri nichukue jani la isale nikamwangukie, maana aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Lakini nikilishika jani lile si nimekiri kwamba nilikosea? Mke wangu anasema ni jani tu. Kanisani wanasema nisiliguse.

Kanisani, Dada. Jumapili ya kwanza ya Januari nilitoa ushuhuda. Watu walisimama, vigelegele, mchungaji akaninyanyua mkono akasema huyu ndiye Danieli wetu. Tangu siku hiyo vijana wananifuata niwafundishe kusimama imara. Nami sikusema yote. Siku ile ya kitenge, tuliposimama Korogwe kula, nilijitenga nikamtumia binamu shilingi 150,000, nikamwambia nunua mbuzi, usiseme hela imetoka wapi. Alichinjwa tarehe 30. Sikuwepo, sikuonja hata kipande. Nilifanya kwa ajili ya kaka. Ungemwona anavyoukokota ule mguu uani, mkono mmoja kashika ukuta. Na Naamani, yule jemadari wa Shamu, si aliomba asamehewe kwa kuinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa kipagani, nabii Elisha akamwambia enenda kwa amani? Hilo nalo ni Neno.

Mama hajui. Nikimwambia, kesho asubuhi atanipigia yeye mwenyewe, namjua. Lakini atawaambia wa ukoo kwa furaha, na wa ukoo wengine tunasali nao hapa hapa.

Sitafuti mtu wa kuniruhusu kurudi nyuma. Nilimtii Mungu, na ningeulizwa tena ningejibu vile vile. Nataka uniambie tu namna ya kumfanya mama apokee simu bila kumweleza habari ya ile hela. Na kama haiwezekani, nianze na nani, mama au mchungaji? Jumapili hii nimepangiwa kuongoza maombi.

Kitenge kipo kabatini. Mke wangu aliomba akakishone, nikamkatalia.

Kitinda mimba,
Dar es Salaam