Chozi la Denzel halikumlipa askari mshahara

Ndugu Mhariri,

Ni miaka mingi nimelisoma gazeti lako bila kushika kalamu, hata pale mlipochapisha mambo yaliyostahili kujibiwa siku hiyo hiyo. Safari hii uvumilivu umenishinda. Ile taarifa yenu iliyokusanya maoni ya watazamaji kuhusu Glory, filamu ya mwaka 1989 inayosimulia Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini, niliisoma mpaka nukta ya mwisho nikimtafuta mtu mmoja tu ambaye angeligusa suala la mshahara. Sikumpata.

Watazamaji wenu wamegawanyika. Kuna wanaolisifu chozi la Denzel Washington anapochapwa viboko, lile lililompatia tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba adhabu ya viboko ilikwisha kupigwa marufuku kisheria katika jeshi la Marekani tangu mwaka 1861. Wengine wanalalamika kwamba filamu ya askari weusi imesimuliwa kwa macho ya kanali mzungu aliyekiongoza kikosi, Robert Gould Shaw. Hawa wa pili wana hoja, tena nzito, ila wameitelekeza njiani, kwani hawasemi ni kitu gani kilichopotea kwa sababu kamera ilimfuata kanali. Na yupo yule mliyempa herufi nzito, anayedai kuwa askari wale walikuwa watumwa waliofunguliwa minyororo jana na kukabidhiwa bunduki leo, hivyo wasifiwe kwa shukrani yao. Shukrani kwa nani? Wengi wao walikuwa watu huru kutoka majimbo ya kaskazini, na wengi walijua kusoma na kuandika. Sajini meja wao alikuwa Lewis, mtoto wa Frederick Douglass, yule mwanaharakati mweusi maarufu aliyepinga utumwa; huyo Lewis filamu haimwonyeshi, ingawa baba yake imemwonyesha akiwa na mvi za mzee wakati mwaka 1863 alikuwa na umri wa miaka 45 hivi.

Sasa nije kwenye mshahara. Wanaume wale walijiandikisha kwa ahadi ya kulipwa dola 13 kwa mwezi, sawa na askari mwingine yeyote wa Jeshi la Muungano, yaani jeshi la kaskazini. Siku ya malipo ilipofika wakaambiwa ni dola 10, na humo zikatwe 3 za sare, hivyo mkononi zibaki 7. Filamu inalimaliza jambo hili kwa dakika chache: askari wanachana hati zao za malipo, kanali naye anachana yake, shangwe zinapigwa, na hadithi inasonga mbele kana kwamba deni limefutwa. Sina ugomvi na Shaw, kwani yeye mwenyewe aliandika kulipinga punguzo hilo. Lakini Shaw aliuawa tarehe 18 Julai 1863 akiishambulia ngome ya Wakusini ya Wagner, karibu na Charleston, na filamu ikafa pamoja naye, ilhali askari waliosalia waliendelea kuyakataa malipo yale kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya kifo chake. Walichimba mahandaki bila mshahara, wakapigana Olustee, Florida, Februari 1864 bila mshahara, na familia zao huko nyumbani zikiishi kwa kukopa na kuomba. Serikali ya jimbo la Massachusetts ilipojitolea kufidia pengo hilo kutoka hazina yake, walikataa tena, kwa kuwa aliyewapunja ni serikali ya shirikisho na ndiyo waliyotaka iwalipe. Koplo James Henry Gooding, ambaye alikuwa akiliandikia gazeti la New Bedford barua kutoka vitani, alimwandikia Rais Lincoln mwenyewe Septemba 1863, akimuuliza kama wao ni askari au ni vibarua. Katika kikosi kingine cha weusi, Sajini William Walker aliwaongoza wenzake kuweka silaha chini hadi watakapolipwa haki yao, na Februari 1864 akapigwa risasi na jeshi lake mwenyewe kwa kosa la uasi. Bunge la Marekani lilisawazisha mishahara Juni 1864, na fedha zenyewe zikakifikia Kikosi cha 54 miezi kadhaa baadaye. Gooding hakuzipokea. Alitekwa Olustee, akafia katika gereza la Wakusini la Andersonville Julai 1864. Mstaafu yeyote aliyewahi kufuatilia malimbikizo yake, akaambiwa arudi wiki ijayo na picha mbili za pasipoti, anajua kwamba ujasiri wa namna hii ni mgumu kuliko kukimbilia ngome kwa singe, maana hauna ngoma wala bendera, na hakuna anayeupiga picha.

Siyo kwamba watazamaji ndio wa kulaumiwa peke yao. Filamu hii hii niliwahi kuitazama kwenye banda la video la mtaani kwetu, ikiwa na sauti ya mtafsiri wa Kiswahili juu yake. Ilipofika sehemu ya malipo, mtafsiri akatangaza kwamba askari wanachana barua za likizo kwa hasira ya kunyimwa ruhusa ya kwenda kwao, na vijana wote ukumbini wakacheka. Nilimfuata mwenye banda nikamweleza. Akanijibu kwa heshima zote, “Mzee wangu, wateja wamelipa kuona mizinga.” Tangu hapo nimewasikiliza watafsiri hawa kwa makini zaidi, na nimeona kwamba mlio wa bunduki, ambao hauhitaji kutafsiriwa, ndio wanaoupigia kelele kuliko kitu chochote, huku maneno ya watu yakirukwa au yakigeuzwa mzaha. Mtoto anatoka bandani amejifunza kuiga mlipuko, lakini hajui nani alikuwa akipigana na nani, wala kwa malipo gani. Kisha mtoto huyo huyo akikua, gazeti linamfuata na kumuuliza maoni yake kuhusu historia.

Nanyi, ndugu Mhariri, mmefanya kazi ile ile ya mtafsiri wa bandani. Mlikuwa na nafasi ya kutosha kuandika kwamba takriban watu weusi 180,000 walitumikia Jeshi la Muungano. Kwamba William Carney, aliyeiokoa bendera kule Wagner akiwa na majeraha, alisubiri Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Marekani, hadi mwaka 1900 na bado hana hata sekunde moja ndani ya filamu. Kwamba ngome hiyo, ambayo maandishi ya mwisho ya filamu yanasema haikutekwa kamwe, ilihamwa na Wakusini wenyewe Septemba ya mwaka ule ule. Nafasi hiyo mkaijaza picha ya chozi.

Mkikusudia kukusanya maoni tena, napendekeza kila mtoa maoni aombwe kwanza kutaja askari mmoja mweusi wa kikosi hicho aliyewahi kuishi. Trip, Rawlins na Jupiter ni wa kubuni, kwa hiyo wasikubaliwe. Atakayeshindwa, maoni yake yahamishiwe ukurasa wa utabiri wa nyota, ambako hakuna anayedai ushahidi. Ama mwandishi aliyeiandaa taarifa hiyo, mlipeni sehemu 7 kati ya 13 za posho yake, mkimweleza kwamba 3 zimekatwa kwa ajili ya sare na 3 nyingine hazina maelezo, kisha mwagizeni aandike makala ya pili.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro