Wa Jilib nao wana majina

Bwana Mhariri,

Kila mwaka ikifika tarehe 14 Oktoba, Siku ya KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, gazeti lenu hutoa kurasa nzima za askari wetu waliouawa Somalia. Mnachapa picha zao, mnawahoji wajane, mnaandika nani alitoka Taita na nani alitoka Kilifi. Sina neno na hilo. Ni watoto wetu, na mjane ana haki ya kuona mumewe akitajwa. Ninalolalamikia ni tarehe 30 ya mwezi huohuo, ambayo hupita bila hata mstari mmoja.

Jumapili, tarehe 30 Oktoba 2011, jeshi letu likiwa na wiki mbili tu tangu livuke mpaka, ndege za Kenya zilishambulia Jilib, katika bonde la Mto Juba, kusini mwa Somalia. Palikuwa na kambi ya watu waliokimbia njaa. Ni ukame uleule uliotufanya sisi tuchangishane kwa ajili ya Turkana mwaka huo. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililokuwa likiwahudumia watu pale, lilisema limepokea makumi ya majeruhi, wengi wao wanawake na watoto, na kwamba miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Jeshi likasema limewapiga wapiganaji wa Al-Shabaab, na kwamba walioumia kambini waliumizwa na lori la silaha la Al-Shabaab lililokimbilia humo likiwaka moto. Gazeti moja likaandika hivi, jingine vile, kisha vita vikasonga mbele kuelekea Kismayu, na habari ya Jilib ikaishia hapo.

Sasa tazama tulivyofanya kwa wengine. Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2017, ndege za muungano unaoongozwa na Saudi Arabia zilibomoa jengo la makazi huko Faj Attan, Sanaa, mji mkuu wa Yemen. Kuna familia iliyokwisha yote, wazazi na watoto, akabaki msichana mmoja mdogo. Picha yake hospitalini bila shaka mnaikumbuka: uso umevimba, macho hayafunguki, naye analipanua jicho moja kwa vidole vyake ili aone aliyesimama mbele yake. Kesho yake muungano ukasema limetokea kosa la kiufundi. Picha ile ilizunguka Mombasa nzima. Niliiona kwenye simu za madereva wa tuktuk, niliisikia ikizungumzwa barazani na watu ambao siku nyingine hubishana mpira tu. Wala si ajabu, maana nyumba nyingi za Mji wa Kale zina ami au binamu Yemen. Tulilia, tulilaani, tulichanga.

Miaka ile ya vita vya Yemen nilihudhuria khitma, kisomo cha Kurani cha kuwaombea marehemu, nyumbani kwa jirani yetu mmoja, aliyepoteza jamaa zake kwa bomu kama hilo. Juzuu ziligawanywa, watu wakasoma, na kabla ya dua mwalimu akauliza majina ya marehemu. Karatasi ikaletwa kutoka ndani kwa wanawake, imechanwa kwenye daftari la shule, majina yamepangwa kuanzia mkubwa hadi mdogo, na mbele ya jina la mwisho pameandikwa "wa kunyonya". Mwalimu alivaa miwani akayasoma yote, kila jina pamoja na la baba, hakuruka hata moja ijapokuwa la baba lilikuwa lilelile. Kijana mmoja alitaka kupitisha kahawa, akavutwa kanzu akaketishwa mpaka orodha imalizike.

Wale wa Jilib, ni nani aliyewaandikia karatasi yao? Huko kwao bila shaka ipo, kwa mama fulani aliyebaki. Huku kwetu, kwa waliotuma ndege, haipo. Sisi tunalipa kodi iliyonunua mafuta ya ndege zile, lakini hatuwezi kumtaja hata mtoto mmoja kwa jina.

Najua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa barazani. Nitaambiwa: na Westgate je? Na Mpeketoni? Na Garissa? Nakubali, Al-Shabaab wametuua kote huko, na wala simwonei huruma aliyewatuma. Lakini Garissa ndiyo inayonipa hoja. Aprili 2015, wanafunzi walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Wakenya walikataa katakata watoto wao waitwe 147. Walisema hiyo si nambari tu, wakatafuta majina, picha, kijiji cha kila mmoja, na magazeti yakafuata. Kwa hiyo kazi hii tunaiweza. Mtoto wa Jilib hakumtuma mtu Garissa. Yeye alikufa miaka zaidi ya mitatu kabla.

Wapo pia watakaosema Jilib ni mbali. Si mbali hivyo. Katika bonde lile, Jilib na Jamaame, wanaishi Wazigua, vizazi vya watu waliotolewa pande za Tanga wakauzwa utumwani karne ya 19, na mpaka leo wapo wanaozungumza Kizigua. Vita vya Somalia vilipoanza 1991, Mombasa ilijaa wakimbizi wa pwani ile. Wazee wa hapa wanaikumbuka kambi ya Utange na ya Benadir. Wengine walioa na kuolewa hapa, na wajukuu wao wamo madrasani na wajukuu wetu.

Hata habari ya kupigwa kutoka angani si ngeni Pwani. Malindi ilipigwa mabomu na ndege za Waitaliano Oktoba 1940, walipokuwa bado wameshika Somalia. Muulize kijana wa Malindi leo kama amewahi kuambiwa. Kwenye barabara ya Jomo Kenyatta hapa mjini, serikali ya kikoloni iliweka sanamu za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na maandishi yake yanawakumbuka hata wapagazi. Raia aliyeuawa akiwa nyumbani kwake hana alama popote katika mji huu, na sitegemei kaunti ianze kesho. Ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Ombi langu ni dogo. Tarehe 30 Oktoba ijayo, tengeni nusu ukurasa. Iulizeni Wizara ya Ulinzi kama uchunguzi wa shambulio la Jilib ulifanywa, na kama ulifanywa, mchapishe ulichosema. Kama haukufanywa, mchapishe hilo. Kisha yatafuteni majina. Hamna haja ya kumpeleka mwandishi Jilib akahatarishe maisha yake. Wapo watu wa bonde la Juba Dadaab, na wapo hapahapa Mombasa wanaopigiana simu na jamaa zao kila wiki. Mwandishi awe mtu anayejua Kisomali, asiwe na haraka, na akiweza awe mwanamke, kwa sababu majina ya watoto wadogo yako kwa kina mama.

Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Nipo tayari kumpeleka kwa wawili watatu wa kuanzia.

Mzazi wa Kibokoni,
Mombasa.