Tusimlaumu shabiki kwa viti vitupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu hoja ambayo nimeisikia mara nyingi hapa Kisumu, redioni na kwenye meza za wauza magazeti, kwamba timu za kandanda za magharibi mwa Kenya zinacheza mbele ya viti vitupu kwa sababu hazishindi. Wanaosema hivyo humalizia kwa kumlaumu shabiki, kwamba yeye ni mtu wa kufuata kombe na kuikimbia timu siku mbaya zinapofika. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, na nimetazama mpira katika mji huu tangu nilipokuwa kijana. Siamini kwamba hoja hiyo ni kweli, na nitaomba msomaji anifuate kwanza hadi mbali kidogo.

Ninataka tuangalie besiboli ya Marekani, si kwa sababu mchezo huo una wafuasi wengi kwetu, bali kwa sababu umehifadhi hesabu za mashabiki kwa zaidi ya miaka 100 na kwa sababu baadhi ya timu zake ni majirani kabisa. Timu mbili zinapoishi katika mji mmoja, zikanyeshewa mvua moja na kuwauzia tiketi watu wenye mishahara inayofanana, hatuwezi kusingizia umaskini wala hali ya hewa pale moja inapojaza uwanja na nyingine isipojaza. Inatubidi tutafute sababu nyingine.

Nilianza kuufuatilia mchezo huo mpwa wangu alipohamia Chicago. Mji huo una timu mbili za ligi kuu, Cubs upande wa kaskazini na White Sox upande wa kusini, na jambo lililomshangaza kijana huyo ni kwamba gari moshi lilelile, la njia wanayoiita nyekundu, husimama karibu na viwanja vyote viwili. Mtu akikaa tu kwenye kiti chake atapita timu moja na kufika kwa nyingine. Mwaka 2005 White Sox walitwaa ubingwa wa besiboli, wa kwanza kwao tangu 1917. Mwaka huohuo Cubs walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Hata hivyo Cubs waliuza tiketi karibu milioni 3.1, na mabingwa wakauza takriban milioni 2.3. Kama kombe ndilo linalomvuta shabiki, wale watu zaidi ya 750,000 wa ziada walikuwa wakifuata nini kule kaskazini?

Jibu la haraka ni kwamba Cubs wamependwa tangu zamani, lakini historia inakataa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 White Sox ndio waliokuwa wakiwashinda majirani zao mlangoni, na mwaka 1983 wakawa timu ya kwanza ya Chicago kupita tiketi milioni mbili katika msimu mmoja. Mizani ilikuwa imeanza kuinama mwaka mmoja kabla ya hapo, kwa uamuzi ambao haukuhusu mchezo uwanjani hata kidogo. Mwaka 1982 wamiliki wa White Sox walihamishia mechi zao nyingi kwenye televisheni ya kulipia. Mtangazaji Harry Caray, ambaye sauti yake ilikuwa ya White Sox kwa miaka 11, aliondoka akaenda kutangaza mechi za Cubs kupitia WGN, kituo ambacho kilionekana bure mjini na kupitia setilaiti kikafika pembe zote za nchi. Uwanja wa Cubs haukuwa na taa hadi Agosti 1988, kwa hiyo timu ilicheza nyumbani mchana tu, na mtoto aliyerudi kutoka shuleni alikuta mechi inaendelea sebuleni kwao. Mtoto huyo alikua, akapata kazi, akanunua tiketi, akaja na watoto wake. Jirani yake wa kusini, ambaye baba yake hakuwa na pesa za televisheni ya kulipia, alikua bila kuyajua majina ya wachezaji wa timu iliyokuwa karibu na nyumbani kwao. Mimi naona kwamba hapo ndipo sehemu kubwa ya wale 750,000 ilipozaliwa, zaidi ya miaka 20 kabla ya kuhesabiwa.

Mahali uwanja ulipo nako kuna uzito wake. Wrigley Field ya Cubs ilijengwa mwaka 1914 katikati ya nyumba za watu, mikahawa na baa, na shabiki akitoka mechini hutokea mtaani. White Sox walijenga uwanja mpya mwaka 1991 mkabala na ule wao wa zamani, wakauzungushia maegesho ya magari kando ya barabara kuu, na mpwa wangu anasema mechi ikiisha kila mtu huelekea kwenye gari lake na eneo lote hunyamaza.

Sitaki kudai kwamba ushindi hauna maana, kwa sababu hilo lingekuwa uongo. Mwaka 2006, msimu uliofuata ubingwa wao, White Sox waliuza tiketi karibu milioni tatu. Lakini wageni wale hawakukaa. Mwaka 2024, timu ilipopoteza mechi 121, tiketi zilikuwa chini ya milioni 1.4, huku Cubs, ambao nao hawakufika hatua ya mtoano, wakiuza milioni 2.9.

Majirani wengine wanaonigusa zaidi ni Oakland na San Francisco, miji miwili inayotazamana ng'ambo ya ghuba kama vile sisi tunavyowatazama wenzetu wa Homa Bay ng'ambo ya Ghuba ya Winam, ila wao wana daraja. Timu ya Oakland, Athletics, ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974, na katika msimu wa ubingwa wa tatu haikufikisha watazamaji 850,000 kwa mwaka mzima. Mambo yalizidi kuharibika hata, mwanzoni mwa msimu wa 1978, mechi za timu iliyokuwa bingwa miaka minne tu nyuma zilikuwa zikitangazwa na redio ndogo ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley yenye nguvu ya wati 10. Mwaka uliofuata waliokuja uwanjani msimu mzima walikuwa kama 307,000. Ng'ambo ya pili, Giants wa San Francisco nao walikuwa taabani katika uwanja wa Candlestick, penye upepo wa baharini unaopenya hadi mifupani, na mara mbili, 1976 na 1992, walikaribia kuuhama mji.

Kisha mambo yakageuka, na si mara moja. Mwaka 1990 Oakland walipata watazamaji milioni 2.9, Giants hawakufika milioni mbili. Mwaka 2000 Giants wakafungua uwanja mpya ukingoni mwa maji, mahali ambapo mfanyakazi wa ofisini katikati ya mji angeweza kufika kwa miguu baada ya kazi, na msimu huo wa kwanza ukaleta zaidi ya milioni 3.3. Oakland walibaki katika uwanja wa zege ambao katikati ya miaka ya 1990 uliongezewa jukwaa refu kwa ajili ya kandanda ya Kimarekani, likaziba milima ambayo watazamaji walizoea kuiona. Baya zaidi, kwa miaka mingi wamiliki waliwaambia watu wa Oakland kwamba timu itahama: mara Fremont, mara San Jose, mwishowe Las Vegas. Mwaka 2023 watazamaji hawakufika 835,000, ilhali Giants walipata milioni 2.5. Wamiliki wakasema mji hauna mashabiki. Mashabiki wenyewe walijibu mwezi Juni mwaka huo, Jumanne moja ya kawaida, kwa kuitana na kuja zaidi ya 27,000 ili ionekane kwamba tatizo si wao. Siku ya mwisho ya timu hiyo mjini Oakland, tarehe 26 Septemba 2024, walikuja zaidi ya 46,000. Timu ikaenda Sacramento hata hivyo.

Hapa ndipo narudi nyumbani, kwa sababu nasi tuna majirani wetu. Mwaka 2006 SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya, na mwaka huohuo Shabana ya Kisii, mwendo usio mrefu kwa matatu, ikateremka daraja. Shabana ilikaa nje ya ligi kuu kwa miaka 17. Iliporudi mwaka 2023, Uwanja wa Gusii ulifurika, na vijana waliokuwa hawajazaliwa mwaka 2006 walikuwa wakipiga kelele za "Tore Bobe", wito wa mashabiki wa Shabana, kana kwamba timu haikuwahi kuondoka. SoNy Sugar, bingwa yule, ilifukuzwa ligini katika msimu wa 2019/2020 baada ya kushindwa kufika kwenye mechi zake. Timu moja ilikuwa ya mji: iliongelewa sokoni, kwenye matatu na mezani kwa watu hata ilipokuwa ikicheza madaraja ya chini. Nyingine ilitegemea mfuko wa kiwanda, na mfuko ulipotoboka hapakuwa na umma wa kuubeba mzigo huo.

Hapa Kisumu tunaona jambo lilelile kwa namna nyingine. Gor Mahia, ambayo makao yake ni Nairobi, ikija kucheza kwetu barabara hufungika tangu asubuhi. Wiki inayofuata timu ya papa hapa inacheza katika uwanja uleule mbele ya jamaa za wachezaji na wauza njugu. Watu ni walewale na mifuko yao ni ileile. K'Ogalo, kama tunavyoiita Gor Mahia, wameirithi kutoka kwa baba zao, pamoja na kumbukumbu ya Kombe la Washindi la klabu za Afrika la 1987. Timu ya hapa hawajawahi kupewa muda wa kuizoea, kwa maana leo inacheza Kisumu, kesho Kakamega, na jezi hubadilika kila mdhamini anapobadilika.

Mwaka jana niliwachukua wajukuu wangu wawili kwenda kutazama mechi ya timu moja ya eneo hili ambayo sitaitaja. Tulikuwa tumejiandaa wiki nzima. Tulipofika tulikuta lango limefungwa kwa kufuli, na mlinzi akatueleza kwa upole kwamba mechi ilihamishiwa mji mwingine tangu juzi yake. Mdogo aliniuliza, "Kwani babu, wao hawakujua tunakuja?" Sikuwa na jibu. Mechi nyingine huwekwa Jumatano saa tisa alasiri, wakati mwanafunzi yuko darasani na fundi yuko kazini, kisha jioni tunasoma kwamba watu wa Kisumu hawaipendi timu yao. Uwanja wa Moi uko mwendo wa miguu kutoka Kaloleni. Ule mpya wa Mamboleo ni mzuri kwelikweli, lakini uko nje kwenye barabara ya Kakamega, na anayepeleka mechi huko afikirie pia jinsi mama mwenye watoto wawili atakavyorudi nyumbani giza likishaingia.

Ombi langu kwa wenye klabu za Kisumu, Kakamega, Bungoma na Nakuru ni kwamba wachague uwanja mmoja na siku moja, na wasivibadilishe msimu mzima isipokuwa kwa dharura ya kweli. Waziombe redio za lugha zetu zitangaze mechi zao, hata kama mwanzoni hakuna faida. Baada ya kila mechi watangaze idadi ya tiketi zilizouzwa, kama wafanyavyo wenzetu wa besiboli, ili siku nyingine tukibishana tubishane kwa hesabu. Na kwako Mhariri, ombi langu ni dogo: chapisha kila Ijumaa mechi za wikendi za timu za huku kwetu, pamoja na saa, uwanja na kiingilio. Nitakikata kipande hicho nikibandike ukutani, mahali ambapo wajukuu wangu watakiona.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Migosi, Kisumu