Makala yenu ya muziki imeniharibia jina mtaani

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu ile makala ya ukurasa wa burudani, Alhamisi ya wiki mbili zilizopita, juu ya bendi ya R.E.M. ya Marekani na albamu zake. Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu enzi za kabla ya Daraja la Mkapa, mto Rufiji ukifurika basi halipiti na gazeti linatufikia huku Mtwara likiwa limeshapitwa na habari. Miaka yote hiyo sikuwahi kukuandikia, hata mlipokosea bei ya korosho. Safari hii uzalendo umenishinda.

Nianze na hesabu, maana ndiyo nyepesi. Mwandishi wenu anasema bendi ile ilitoa albamu kumi, ikasambaratika mwaka 1997 alipoondoka mpiga dramu, Bill Berry. Si kweli. Albamu za studio ni 15. Kumi zilitoka Berry akiwepo, kuanzia Murmur ya 1983 hadi New Adventures in Hi-Fi ya 1996. Waliobaki watatu, yaani Michael Stipe, Peter Buck na Mike Mills, wakatoa tano nyingine: Up mwaka 1998, Reveal 2001, Around the Sun 2004, Accelerate 2008 na Collapse into Now 2011. Ndipo wakaagana, mwaka huo huo wa 2011. Tena katika hizo kumi zake ameingiza Dead Letter Office ya 1987, ambayo ni mkusanyiko wa nyimbo za upande wa pili wa santuri na masazo ya studio. Chronic Town ya 1982, yenye nyimbo tano, ile ambayo ndiyo iliwatangulia, hakuitaja kabisa.

Najua wapo watakaosema huyu mtu wa Mikindani anagombania nini, albamu kumi au kumi na tano za Wazungu zinamhusu nini. Zinanihusu. Mimi ni fundi wa redio. Mwaka 1997 mwalimu mmoja wa kujitolea, Mwingereza, aliniletea redio kaseti yake iliyoliwa na chumvi ya bahari, na alipokuwa anarudi kwao akaniachia kanda sita za bendi hiyo. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba. Nimekikuza kwa kanda zile na kamusi, usiku, nikisubiri risasi ya kulehemu ipate moto. Zilizobaki nilizipata kidogo kidogo kutoka kwa mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam, na kila iliyofika niliiandika kwenye daftari: jina, mwaka, kampuni. Tano za mwanzo ni za I.R.S., kuanzia Green ya 1988 ni za Warner Bros.

Mpangilio huo ndio unaofanya muziki wao ueleweke. Machi 1995, wakiwa jukwaani Lausanne, Uswisi, Berry alipasuka mshipa kichwani. Akafanyiwa upasuaji, akapona, akarudi kumaliza ziara. New Adventures in Hi-Fi sehemu kubwa ilirekodiwa kwenye ziara hiyo hiyo. Mwaka uliofuata baada ya albamu hiyo kutoka, Berry akaaga bendi, akaenda kulima majani ya mifugo huko kwao Georgia. Sasa msikilizaji akiweka Up, akasikia mashine inapiga pale ambapo mtu alikuwa akipiga, anajua anasikia kiti kitupu. Ukimwambia bendi ilikufa 1997 umemnyang'anya hilo.

Lakini hesabu ningewasamehe. Kilichonifanya nishike kalamu ni kile kichwa cha habari cha herufi kubwa, kwamba watu hawa waliikana dini wakatajirika, na maelezo kuwa wimbo wa Losing My Religion, wa kwenye Out of Time ya 1991, ni tangazo la kuacha dini. Mwandishi ametafsiri neno kwa neno, akalala. Huko kusini mwa Marekani, walikotoka wao, mji wa Athens jimbo la Georgia, msemo huo maana yake ni kufika mwisho wa uvumilivu. Stipe mwenyewe ameshaeleza kwamba ni wimbo wa mtu anayempenda asiyempenda. Sisi hatukosi msemo kama huo: mtu akichoka kuvumilia tunasema uzalendo umemshinda, na hakuna polisi anayekuja kumkamata kwa kuisaliti nchi! Mimi nimeutumia hapo juu, na kadi yangu ya mpiga kura iko mfukoni. Sasa sikiliza kilichonipata. Wimbo huo huwa naupiga kila nikimaliza kusafisha hedi ya redio kaseti, yaani kile kichwa kinachosoma kanda, kwa sababu unaanza na mandolini, kile kigitaa kidogo, na mandolini ikitoka safi najua hedi imekaa sawa. Mtaa mzima unaujua kama wimbo wa fundi. Ijumaa, siku ya pili baada ya makala yenu, kijana mmoja akaisoma kwa sauti kibarazani pangu, mbele ya watu, mimi nikiwa ndani naupiga. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye nimempa shikamoo tangu nikiwa mtoto, alikuwa ameniachia redio yake ya mawaidha niibadilishie belti. Akainuka, akasema: "Mwanangu, nipe redio yangu hivyo hivyo ilivyo." Nikamwambia, mzee, belti inakuja na basi la kesho. Akasema, "Hivyo hivyo." Akaibeba mbovu, hakugeuka nyuma, na tangu siku hiyo tukitoka msikitini anapita upande wa pili wa barabara. Huu ni msimu wa korosho, Mhariri, ndio wakati watu wana fedha ya kutengeneza redio. Wateja nitawapata wengine. Yule mzee ndiye aliyemwosha marehemu baba yangu.

Na tukiwa hapo hapo, nieleze na hili la bendi zetu, maana ni ugonjwa ule ule. R.E.M. nyimbo zao walizotunga pamoja wakiwa wanne waliziandikisha kwa majina manne, sawa kwa sawa, na hadi leo mtu wa Mikindani anaweza kujua nani alipiga nini mwaka gani. Nani ataniambia hayo kuhusu Msondo? Bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Mwimbaji wao Muhidin Gurumo ametoka hapo mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, akaja akarudi. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania, santuri zikachapwa Nairobi, na leo vijana wananiletea flashi zimeandikwa "Zilipendwa 1", "Zilipendwa 2", ndani yake Sikinde ameitwa Msondo na Msondo ameitwa Sikinde. Watangazaji wanapiga wimbo mzima wanausemea juu, ukiisha hawamtaji mpiga solo wala mwaka. Gurumo amefariki 2014. Mwimbaji mwenzake Shaaban Dede, 2017. Tunamsubiri nani tumuulize?

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, sahihisho litoke Alhamisi, ukurasa ule ule wa burudani, kwa herufi za ukubwa ule ule wa kichwa cha habari, likieleza maana ya msemo ule kwa kutumia mfano wa uzalendo, kwa sababu mfano huo yule mzee atauelewa bila kufafanuliwa. Msiliweke Jumatatu, maana kijana yule wa kibarazani hununua gazeti Alhamisi tu. Pili, mwandishi wenu anunuliwe daftari kubwa la kaunta, alipige mistari sita: jina la albamu, mwaka, kampuni, ilirekodiwa wapi, nani walipiga, nani alitunga. Aanze na R.E.M. kama mazoezi, daftari langu nitamwazima. Akimaliza, akae na wazee wa Msondo na Sikinde waliobaki, asiondoke mpaka mistari sita ijae kwa kila wimbo wanaoukumbuka.

Belti ya redio ya mzee ilifika siku ya pili. Nimeiweka kwenye kopo la Blue Band, juu kabisa ya rafu. Gazeti likitoka nitavipeleka vyote viwili nyumbani kwake.

Fundi wa redio,
Mikindani, Mtwara