Shukrani kwa mpiga udi aliyetunyooshea wimbo

Mzee wetu uliyekuja Jumamosi na udi wako, ile ala ya nyuzi, ahsante sana. Wimbo wetu wa taarabu ulikuwa umekwama wiki tatu: mwimbaji anaishiwa pumzi, wapigaji wanamlaumu, mtunzi hataki beti ziguswe.

Kwanza ulivinyamazisha vyombo vyote. Ukamtaka mwimbaji aghani shairi tupu huku ukihesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Kipande cha "moyo wangu umeshachoka" kikatoka na mizani 9 badala ya 8. Uliondoa "sha" tu, na pumzi ikapatikana.

Kisha ukagundua kosa ambalo sote tulilipita. Katika "pendo letu barabara", sauti ndefu iliangukia silabi ya tatu ya neno la mwisho, kwa hiyo msikilizaji alisikia njia ya magari! Ukaisogeza hadi silabi ya pili, na pendo likawa imara kama mtunzi alivyokusudia. Hapo hukumbadilishia hata herufi moja. Ni muziki uliofuata neno.

Fidla nazo ulizizuia zisijibu kabla kina cha mwisho hakijatamkwa. Mwisho ukashusha wimbo kutoka sauti ya D hadi ya C, ukakaa na mpiga ganuni, ala ya nyuzi nyingi, kurekebisha nyuzi, tatu tatu kwa kila sauti, mpaka saa nne usiku. Nauli ukaikataa.

Wapigaji wakongwe, tunawaomba: kikundi kichanga kikikwama mtaani kwenu, kipeni jioni moja. Anzeni na shairi, vyombo vingoje.