Kuta za matumbawe hazitaki saruji

Mhariri,

Kila masika yakipita, wenye nyumba wa Mji wa Kale huniita niwaangalizie kuta zilizopigwa lipu juzi tu. Rangi imevimba, lipu imeachana na jiwe, ukigonga unasikia uwazi. Na wanachotaka ni kile kile kilichowaharibia: saruji nyingine, na rangi ya mafuta juu yake. Nawasihi waache.

Nyumba zetu, sawa na Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa 1593, ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe hili lina vitundu; hunyonya maji ya ardhini yakapanda ukutani. Chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo maji hayo hupita kwenye lipu yakakaukia nje. Ukiufunika ukuta kwa saruji, maji hukosa njia yakazidi kupanda. Ndiyo maana mtu hupiga lipu kimo cha kiuno, baada ya muda unyevu ukatokea dirishani.

Halafu kuna chumvi. Maji yakikauka huiacha nyuma ya lipu, ikakua chembechembe na kuibandua. Ule unga mweupe unaoukwangua ndio huo. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa unaijua, basi ukuta hulowa hata siku isiyo na mvua. Fundi anayechanganya mchanga wa pwani usiooshwa anaiongeza kwa mikono yake mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni boriti. Vichwa vyake vimo ndani ya ukuta. Katika nyumba moja Kibokoni tulibandua lipu ya saruji karibu na dari, nikachoma kichwa cha boriti kwa bisibisi: ikazama hadi kwenye mpini. Hatua moja mbele, boriti hiyo hiyo ya mkoko ilikuwa ngumu, bisibisi haikuacha hata alama. Chini yake walikuwa wakilala watoto.

Najua chokaa ina kazi. Sharti izimwe kwa maji na kuachwa iive, ipigwe tabaka jembamba jembamba, ifunikwe magunia mabichi isikauke kwa pupa. Mwenye nyumba anataka amalize kabla ya Ramadhani, na vijana wengi wa kazi hawajafundishwa. Lakini saruji ya haraka ndiyo inayomrudisha kwa fundi kila mwaka.

Kwa wapangaji, sogezeni makabati mbali kidogo na ukuta, hewa ipite.

Na wanaotoa vibali vya ukarabati: mnakagua milango ya nakshi na roshani, jambo jema. Naomba fomu iulize pia lipu ni ya saruji au ya chokaa na mchanga umetoka wapi, na mkaguzi afike kabla rangi haijapakwa.

Mwashi,
Mji wa Kale, Mombasa